Wafuga nyuki Dodoma na kanda ya kati, mvua za kwanza zimekukutaje shambani? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za saa hizi. Nina kashamba kangu Bahi, migunga mingi na mibuyu miwili, nikatundika mizinga minne ya kisasa ile ya mbao, miezi inapita hata nzi haingii, nusura niigeuze kuni. Mzee mmoja akaniuliza umepaka nta? Kumbe sijapaka! Nikayeyusha nikapaka kwenye viunzi, mvua za Desemba zilipoanza naenda Jumamosi nakuta mlangoni foleni kama stendi, tena wengine miguuni wamebeba chavua ya njano. Siku hizi nalala hukohuko. Jioni mbuyu unafungua maua popo wanajaa, asubuhi maua yako chini mbuzi wa jirani wanagombania. Nyie je?

Mnyaturu_wa_Manyoni: Mkuu subiri nyegere aje. Mimi mizinga niliiweka tawi la chini, usiku mmoja akapasua miwili, mdogo wangu akawa anasema wezi hao, nikamwonyesha kucha kwenye mbao. Sasa naning'iniza kwa waya mbali na shina na waya naupaka grisi chafu ya gereji, sisimizi hawapiti.

binti_kondoa: Mi nafurahia nyuki wadogo wasiouma, wamo kwenye ukuta wa tembe la bibi, wametoa kamrija ka nta membamba kama mrija wa soda ndo mlango wao, jioni wanakaziba. Asali yao nyepesi ina uchachu, bibi anagawa kwa kijiko utadhani dawa ya hospitali 😂 Na mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, akianza kupiga kelele pale mgungani babu alikuwa anaacha jembe anamfuata, akivuna lazima amwachie sega.

chamwino_kwetu: Ombi tu, wenye alizeti mkipulizia dawa pulizieni jioni nyuki wakisharudi.

Mpwapwa1: Nyie mna raha. Mimi nilivuna saa saba mchana, moshi umekata, glovu moja imetoboka. Akaniuma mmoja, ikatoka harufu kama ya ndizi mbivu, kumbe ndo anaita wenzie, wakaja ukoo mzima. Nilikimbilia choo cha jirani nikajifungia mpaka giza limeingia, mke wa jirani yuko nje anauliza nani humo na mimi mdomo umevimba siwezi hata kujibu.