Sabuni ya unga ya bei nafuu inayotoa uchafu kweli: huku kwenye baridi mnachaguaje?

Binti_Kinyanambo
Kamwene wakuu. Nipo Mafinga, naomba mwongozo wa sabuni ya unga. Nguo ni za watu saba kwa wiki: mashati meupe ya shule, masweta, na nguo za shamba zilizoshika udongo mwekundu. Maji ni ya kisima, kufua ni kwa mikono. Dukani kuna vipakiti vidogo na pakiti za kilo, sokoni kuna ya kupima kutoka kwenye kiroba, bei yake kama nusu. Ipi inalipa bila kuchubua mikono? Na ile inayopata moto kiganjani ukiichanganya na maji, ni kweli ndiyo kali kama wauzaji wanavyosema?

FundiSabuni_Uyole
Huo moto usikudanganye. Soda ash kavu (unga mweupe wa jamii ya magadi) ikikutana na maji hutoa joto, basi. Unga unaochoma kiganja unakuambia una soda nyingi, haukuambii kama una dawa ya kutosha ya kuondoa mafuta. Na soda nyingi ndiyo hiyo inayochubua vidole na kupausha vitenge.

Sabuni ya unga ya kawaida ina kiini kinachoshika mafuta na uchafu (kwa wanaotengeneza ni asidi ya salfoniki iliyokwisha kukutanishwa na soda), ina soda ash ya kulainisha maji, na ina kijazio, mara nyingi salfeti ya sodiamu, ambacho kazi yake ni kuongeza uzito tu. Zilizo bora huongezewa vimeng'enya vya kula jasho, damu na mabaki ya chakula. Kiini na vimeng'enya ndivyo vyenye gharama, kwa hiyo sabuni ikiwa rahisi kupita kiasi, hapo ndipo palipopunguzwa.

Ya kiroba ipime kabla ya kununua nyingi. Weka kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, koroga, acha dakika 10. Ukungu mwepesi ni kawaida. Mashapo mazito yanayokaa chini kama mchanga laini ni chaki au udongo, achana nayo. Ila kipimo hiki hakikamati chumvi wala salfeti, maana hizo zinayeyuka zote. Kwa hizo, chukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba, dondoshea kila kimoja tone la mafuta ya kula. Loweka kimoja kwenye lita 1 ya maji yenye gramu 5 za unga wa kiroba, kingine kwenye gramu 5 za unga wa pakiti yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango). Dakika 20, fikicha sawasawa, suuza, anika. Vikikauka, angalia wapi pamebaki duara la mafuta. Usihukumu kwa povu, kuna unga unaofura povu hadi nje ya beseni na kola inabaki nyeusi.

Hesabu ya bei ifanye kwa ndoo ya nguo, si kwa pakiti. Lita 10 za maji na nguo zenye uchafu wa wastani zinataka gramu 40 hadi 50, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa. Mfano tu wa hesabu: kilo moja ikiwa shilingi 4,500, na kipakiti cha gramu 40 kikiwa 300, vipakiti 25 vya kufikisha kilo vinakula 7,500. Kipakiti kinafaa safarini. Na kama ile ya kupima inahitaji gramu 90 kufanya kazi ya gramu 45, nusu bei yake imeishia hapo.

DadaWaKihesa
Naongezea kuhusu baridi, maana maelezo ya nyuma ya pakiti yanamfikiria mtu wa Dar. Mafinga, Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba maji ya asubuhi ni ya kuuma mifupa. Unga ukiumwaga humo unabaki punje punje, unanasa kwenye mikunjo ya nguo na kuacha michirizi myeupe. Mafuta ya kwenye kola nayo yameganda, hayatoki.

Chemsha lita 3, changanya na lita 7 za baridi, utapata joto linalokaribia la mwili. Changanya maji KWANZA, ndipo uweke unga, koroga mpaka usisikie punje kiganjani, halafu nguo. Anayemwaga maji yanayochemka moja kwa moja juu ya unga wenye vimeng'enya anaviua, na amevilipia. Loweka nusu saa. Kulaza nguo kwenye sabuni usiku kucha ni mazoea tu: maji yakishapoa, uchafu uliotoka unarudi kwenye kitambaa, na vitenge vinachujia mashati.

Mzee_wa_Nanyala
Mmeruka jambo kubwa, maji ya kisima. Kabla ya kulaumu sabuni, pima maji. Chupa ya nusu lita, jaza nusu, kwangulia humo sabuni ya mche kiasi cha ukucha, tikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Yakigeuka kama maziwa na utando unaelea, maji ni magumu, yana chokaa.

Mito inayoshuka milima ya Rungwe kwa kawaida haina shida hiyo. Huku kwetu Songwe, kwenye mawe ya chokaa yanayochimbwa kwa saruji, ni kilio. Sabuni ya mche kwenye maji ya namna hii inaungana na chokaa na kuwa ule ukoko wa kijivu unaong'ang'ania mashati meupe, halafu mtu anadhani ni uchafu, anaongeza sabuni, ukoko unazidi. Unga unavumilia zaidi. Tia kijiko kimoja cha chai cha soda ash kwenye lita 10, koroga, subiri dakika 5, ndipo uweke unga. Magadi ya sokoni yana kazi ileile lakini yana takataka zake, yabaki kwenye nguo za shamba. Ukiweza kukinga maji ya mvua ya bati, yatumie kwa nguo nyeupe.

Binti_Kinyanambo
Nimejaribu kipimo cha chupa, povu limesimama. Basi maji yangu hayana neno. Na sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani ya madumu ya lita 5? Pia udongo mwekundu, je, niweke Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe)?

FundiSabuni_Uyole
Sabuni ya maji ya mtaani ikitengenezwa vizuri inafaa nguo nyepesi na za rangi. Kwa nguo za shamba ni dhaifu, kwa kuwa wengi hawaiwekei kitu cha kulainisha maji wala vimeng'enya. Uzito wake si ukali: inafanywa nzito kwa chumvi ya kawaida, na chumvi ikizidi inarudi kuwa maji. Kipimo cha maana ni karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uasidi au ubesi. pH iwe 7 hadi 8. Ikisoma chini sana, salfoniki haikutulizwa kwa soda, itachoma mikono na kula uzi. Ikipanda hadi 11 au 12, kostiki (ile soda kali inayounguza) imezidi.

Jik kwenye udongo mwekundu ni hasara. Wekundu ule ni oksidi ya chuma, na klorini haiugusi. Acha tope likauke kabisa, pukuta na sugua kwa brashi kavu nje, suuza kwa maji matupu hadi yasitoke mekundu, ndipo uloweke kwenye unga. Anayeloweka tope bichi pamoja na sabuni anatengeneza rangi ya kupaka nguo nzima. Doa la mwisho kwenye pamba nyeupe lipakwe maji ya limau na chumvi kidogo, likae nusu saa juani, lisuuzwe sana. Limau na Jik visikutane hata kwa bahati mbaya, vinatoa hewa ya sumu.

BintiTukuyu
Ugonile nyote. Kwa utomvu wa migomba msipoteze sabuni. Ukishakauka na kuwa kahawia hakuna unga wa kawaida utakaoutoa wote, tenga nguo za kukatia ndizi.

Kuhusu harufu ya uvundo, huku mvua haikatiki na watu wanadhani dawa ni sabuni yenye manukato. Nguo inanuka kwa sababu imekauka polepole ikiwa na mabaki ya sabuni na jasho. Suuza mara tatu. Maji ya mwisho weka siki nyeupe mililita 50 kwa lita 10, inatoa soda iliyobaki na nguo haikakamai. Kamua vizuri, anika kwa nafasi chini ya baraza panapopita upepo, si kwenye chumba kilichofungwa.

DadaWaKihesa
Binti_Kinyanambo, umetaja masweta na hakuna aliyeyagusa. Angalia lebo. Ya shule mengi ni akriliki, hayo yanavumilia unga kiasi, nusu ya kipimo. Ya sufu usiyaguse kwa unga wenye vimeng'enya wala soda, kwani sufu ni nywele za mnyama, na vimeng'enya vinavyokula damu vinaila nayo. Tumia sabuni ya maji isiyo kali au shampuu, kijiko kimoja kwa lita 5, maji vuguvugu, na maji ya kusuuzia yawe na joto hilohilo. Usikamue kwa kusokota. Likunje ndani ya taulo, bonyeza, lilaze juu ya mkeka kivulini. Ukilitundika likiwa na maji, mikono itafika magotini.