Kiti cha mtoto garini: atazame nyuma, mbele, au busta?

MamaPacha: Wadau, salaam. Pacha wangu wana mwaka na nusu, kilo 11 kila mmoja, na miguu imeshafika kwenye mgongo wa siti. Niwaache watazame nyuma, niwageuze mbele, au nichukue busta? Muuzaji ananiambia busta itawafaa mpaka waanze shule.

NesiWaWatoto: Busta iondoe kwenye hesabu kabisa, dada. Yenyewe haimshiki mtoto, inamwinua tu ili mkanda wa gari umkae sawa. Mtoto wa kilo 11 atachomoka chini ya mkanda huo.

Kwa hizo mbili zilizobaki, nasema nyuma bila kusita. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kuhimili. Gari likigonga kwa mbele naye anatazama mbele, mikanda inazuia kifua, kichwa kinarushwa, na shingo ndiyo inavutwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni ya Ulaya ya R129 inataka watazame nyuma walau mpaka miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanashauri waendelee hivyo mpaka wafikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chenyewe. Kwa hiyo usihesabu miezi tu, soma lebo.

BabaWaWatatu: Sikatai, nesi, lakini miguu ikibanwa hivyo si wataumia? Halafu wakitazama mbele unawaona, wanalia kidogo.

NesiWaWatoto: Kaka, mtoto akicheza sakafuni mwenyewe hukaa amekunja miguu, haimsumbui. Na hata mguu ukivunjika unatibika. Shingo ndiyo inayoniogopesha.

FundiViti: Naunga mkono, ila kiti kizuri kilichofungwa ovyo hakisaidii. ISOFIX (vishikio vya kiti vinavyojifunga moja kwa moja kwenye vyuma vya gari) au mkanda wa gari, vyote vinafaa. Uzuri wa ISOFIX ni kwamba ni vigumu kukosea. Shika kiti pale kilipofungiwa, kitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.

Kisha mkanda wa begani. Mfunge mtoto, ubane mkanda kwa vidole viwili juu ya bega. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea, kaza. Kwa anayetazama nyuma, mkanda utokee usawa wa bega au chini yake kidogo; akitazama mbele, usawa wa bega au juu yake. Sweta nene mvue kwanza, maana linapobonyea ajalini linaacha nafasi ndani ya mkanda. Kama kuna baridi, mfunike blanketi juu ya mikanda.

Dereva_Mpya: Na siti ya mbele?

FundiViti: Kiti cha kutazama nyuma usikiweke kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Unafumuka kwa nguvu ya kumuua mtoto. Wakae nyuma.

MamaPacha: Ahsanteni sana. Lebo inasema kilo 18 wakitazama nyuma, na vichwa bado viko chini ya ukingo wa kiti. Hawageuki. Kuna jirani anampa dada yangu kiti kilichotumika, achukue?

NesiWaWatoto: Amuulize kwanza jirani kama gari lililokuwa na kiti hicho liliwahi kupata ajali, na atazame tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye ganda la kiti. Asipopata jibu la uhakika, asikichukue.