Nyumba ya mama Bugarika imeandikwa ghorofa kwa sababu ya msingi mrefu: pingamizi la kodi ya majengo linaanzia wapi?

KijanawaBugarika aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa wengine. Naomba mwongozo kuhusu nyumba ya mama yangu iliyopo Bugarika, hapa jijini Mwanza, ambayo katika kumbukumbu za kodi ya majengo imeingizwa kama nyumba ya ghorofa. Wanaoijua milima yetu watanielewa haraka: kiwanja kimeegemea mteremko wenye mawe, kwa hiyo upande wa juu mtu anaingia sebuleni moja kwa moja kutoka njiani, ilhali upande wa chini msingi umenyanyuliwa kwa mawe hadi kupita kimo cha mtu. Fundi aliacha mlango mdogo wa mbao wa kuingilia katika uwazi uliobaki, ambamo mama huweka kuni, ndoo na mabati ya zamani. Humo ndani hakuna sakafu wala dirisha, na jabali limejitokeza katikati kiasi kwamba ni lazima uiname ndipo ulipite. Aliyesimama barabarani kule bondeni huona kuta mbili zimepandana, nami naamini hivyo ndivyo nyumba ilivyohesabiwa.

Matokeo yake ni kwamba mita ya LUKU ya mama, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inakatwa kodi hiyo shilingi 7,500 kila mwezi, na mita ya pili, inayohudumia vyumba viwili vya pembeni vilivyo chini ya paa hilohilo, inakatwa shilingi 1,500. Mama ana miaka 71, ni mjane, na hii ndiyo nyumba yake pekee. Je, tunaweza kupinga makadirio haya kwa hoja kwamba thamani ya nyumba ni ndogo? Na je, umri wake haumwondoi kabisa katika kodi hii?

MhasibuKirumba alijibu:

Ndugu yangu, hoja ya thamani iweke kando, kwa sababu haitakusaidia. Zamani halmashauri zilikuwa na majedwali ya uthamini, na mwenye nyumba aliweza kubishana na mthamini juu ya bei, lakini tangu mwaka 2018 Serikali ilielekea kwenye viwango maalumu, na tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU. Viwango vilivyoanza Julai 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi, na shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa katika majiji, manispaa na miji, yaani hizo 7,500 unazoziona. Nyumba iwe ya milioni kumi au ya milioni mia, kiwango hakibadiliki. Kinachobishaniwa ni ukweli wa jengo lenyewe: je, ni ghorofa au si ghorofa, ni jengo moja au mawili, na nani mmiliki.

Na hapo naona una hoja nzito. Kwa sasa nyumba hiyo inalipa shilingi 108,000 kwa mwaka mahali ilipopaswa kulipa 18,000. Kwa mjane tofauti ya shilingi 90,000 si jambo la kuachia, hata kama inakatwa kidogo kidogo hadi mtu anaizoea.

Anza na barua ya kuomba marekebisho kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mkoa wa Mwanza, ukitenganisha mambo mawili: aina ya jengo, na mita ya pili iliyo katika jengo lilelile. Tangu mfumo huu uanze, mwenye jengo lenye mita zaidi ya moja anaruhusiwa kuomba kodi ibaki kwenye mita moja tu, kwa hiyo hilo la pili huenda likamalizika haraka. Ambatisha nakala ya hati au leseni ya makazi, kitambulisho cha mama, namba za mita zote mbili, barua ya mtendaji wa mtaa inayoeleza kwamba ni jengo moja, na meseji za manunuzi ya umeme zinazoonyesha makato. Hakikisha unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mkijibiwa kwa maandishi kwamba ombi limekataliwa, hesabu siku, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoa siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu tangu uamuzi ulipokufikia. Pingamizi huambatana na malipo ya kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Baada ya hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, ingawa sioni kwa nini suala lenu lifike huko.

MamaPasiansi alijibu:

Mwanangu, marahaba. Kuhusu umri, msamaha upo, lakini usiuombe kabla ya kuusoma vizuri. Unamhusu mwenye miaka 60 na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu, asiye na chanzo cha kipato, na ni kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Wewe umetaja vyumba viwili vyenye mita yao. Ikiwa vimepangishwa, hiyo ni kodi ya pango inayoingia mkononi kila mwezi, na mkaguzi atakapogonga mlango wa kwanza akafunguliwa na mpangaji, barua yako yote itatiliwa shaka, hata ile sehemu ya ghorofa iliyo ya kweli. Ningekuwa mimi nisingechanganya mambo hayo mawili katika karatasi moja.

Jambo jingine ni haki ya wapangaji. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Kama wapangaji wa mama wamekuwa wakikatwa hizo 1,500, ni vyema mzitoe kwenye pango lao.

FundiMawe_Nyakato alijibu:

Nimejenga nyumba nyingi za namna hiyo katika vilima vyetu, na nakusihi upige picha kabla hujaandika lolote. Picha ya kutoka bondeni pekee itawaangusha, maana ndiyo iliyoleta tatizo. Piga ya ubavuni, ionyeshe jinsi mteremko unavyopanda hadi kukutana na kizingiti cha mlango wa mbele. Kisha ingia na tochi kule chini, uonyeshe jabali, udongo mtupu, na mahali jamvi, yaani zege la sakafu ya nyumba, lilipolalia kifusi. Mkiwa na ramani iliyopitishwa pamoja na kibali cha ujenzi, ule mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa toka juu hadi chini, ndio ushahidi bora kuliko wote, kwa sababu unaonyesha sakafu ngapi zilichorwa.

Na tafadhali, msipige plasta wala kutoboa dirisha huko chini hadi jambo hili liishe. Siku mtakapomwaga sakafu mkaweka kitanda, hapo patakuwa chumba, na aliyeandika ghorofa atakuwa na la kusema.

KijanawaBugarika alijibu:

Nawashukuru sana. Ni kweli vyumba vimepangishwa, na pango hilo ndilo linalomnunulia mama dawa za presha, kwa hiyo suala la msamaha tunaliacha. Tutapinga ghorofa na mita ya pili tu, na ramani ipo, marehemu baba aliitunza. Je, tusitishe kununua umeme kwa mita ya mama hadi tujibiwe, ili makato yasiendelee?

MhasibuKirumba alijibu:

Hapana, msifanye hivyo. Mwezi usiponunua, deni halifutiki. Hulimbikizwa na kukatwa lote siku utakaponunua. Endeleeni kununua kama kawaida, mhifadhi kila meseji, na katika barua hiyohiyo ombeni kiasi kilichozidi kirejeshwe au kihesabiwe kwenye kodi ya miezi ijayo. Kiasi hicho kiandikeni kwa jedwali la mwezi hadi mwezi kwa kila mita, ili afisa atakayelishughulikia aweze kulilinganisha na kumbukumbu zake.