Karavati limeziba: gumzo la majirani

Mama Pacha: Habari za asubuhi majirani. Mvua ya jana imefika hadi kizingitini kwangu. Mvua yenyewe haikuwa kubwa, ila lile karavati la kupitisha maji chini ya barabara limeziba. Naombeni tusaidiane.

Mwenyekiti: Pole sana mama. Kuna pendekezo tuusakafie mtaro wote kwa zege ili maji yaende haraka. Mnasemaje?

Kijana wa Mlimani: Naunga mkono. Maji yaondoke tu.

Fundi Mitaro: Mwenyekiti, kwa heshima yote, napinga. Maji yakipewa mbio huku juu, aliye bondeni ndiye anayebomokewa na ukuta. Tupige hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30, ni lita 3,000. Paa moja hilo! Zamani ardhi ilikuwa inakunywa sehemu kubwa. Sasa tumeezeka, tumesakafia, tumepiga lami, yote yanakimbilia mtaroni kwa mkupuo.

Bi Mkubwa: Na mtaro unaishia mtoni, wanangu. Huko huko tunakochota.

Kijana wa Mlimani: Bibi, si yanasafishwa kwanza kama maji taka?

Mwalimu: Hapana mwanangu. Hata penye mabomba ya maji taka, mtaro wa mvua mara nyingi una njia yake, na hausafishwi popote. Kinachoingia ndicho kinachotoka.

Mwalimu: [Picha] Jana mvua ilipoanza nilikinga chupa mdomoni mwa mtaro, kisha nyingine baada ya nusu saa. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, juu ina utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi. Leo asubuhi tope limetuama chini, unene wa vidole viwili. Ya pili tope halifiki nusu kidole. Mvua ya mwanzo ndiyo inayofagia: mafuta ya magari, kinyesi cha wanyama, mbolea ya bustanini. Mbolea ikifika kwenye maji yaliyotulia, mwani unafumuka, ukifa unaoza na kumaliza oksijeni, samaki wanakosa pumzi.

Kijana wa Mlimani: Mimi huosha gari barabarani, povu lote linaingia humo. Naomba radhi kwa kweli. Nifanyeje?

Fundi Mitaro: Oshea penye majani au changarawe, maji yanywewe na ardhi. Oili chafu iweke kwenye dumu, upeleke wanakoikusanya. Mtaroni isiingie hata tone.

Mama Pacha: Yote nimeyasikia. Ila mvua ikirudi usiku huu mimi na watoto tunalala wapi?

Fundi Mitaro: Una haki mama, tuanze na wewe. Leo saa kumi jioni tunazibua. Tope tukilitoa tulibebe, tusiliache ukingoni, maana mvua moja tu inalirudisha. Halafu tujenge chemba ya kunasa mchanga kabla ya karavati, na iwe inazolewa kila msimu. Kingo zibaki na majani. Huku juu, kila nyumba ielekeze paipu ya paa kwenye shimo pana la bustani, kina cha sentimita 15 hivi, mbali na msingi wa nyumba.

Mama Pacha: Maji yakituama si tunafuga mbu?

Mwalimu: Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi kuruka. Maji yakinywewa ndani ya siku 2, hawahi. Jaribuni kwanza: chimba, jaza maji, tazama kesho yake. Yakiwa bado yamesimama, hapo ni udongo wa mfinyanzi, tafuta pengine.

Bi Mkubwa: Na kisima changu? Maji ya mafuriko yameingia.

Mwalimu: Usinywe hivyo hivyo Bi Mkubwa. Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yatokote dakika 1 kamili. Klorini peke yake haitoshi, hailiwezi tope. Kikiwa kimetulia tutakisafisha, halafu maji yapimwe maabara kabla hujarudi kuyanywa bila kuchemsha.

Mwenyekiti: Basi zege liishie kwenye mdomo wa karavati tu, sehemu nyingine ya mtaro ibaki na majani. Jioni kila nyumba itoe mtu mmoja na koleo.

Kijana wa Mlimani: Nimeshatangulia, niko karavatini. Kilichoziba ni godoro, limelowa na kujaa mchanga, peke yangu silisogezi. Mwenye kamba aje nayo sasa hivi, wingu limeanza kutanda.

Fundi Mitaro: Ninayo. Nakuja.