Mbio za punda Amu: kamati inataka kuzuia fimbo, tutunge sheria gani isiyochezewa?

Kijana wa Langoni
Assalaam aleikum wana jamvi. Nimo kwenye kamati ya vijana inayotayarisha mbio za punda za mtaani hapa Amu (Lamu), si zile kubwa za tamasha. Safari hii wazee wanaotuchangia zawadi wamesema hawatoi kitu ikiwa punda wataendelea kupigwa namna ile. Na wana haki. Tangu kuanza hadi forodhani kijana kazi yake ni kuchapa tu, na anayechapwa zaidi ni yule wa nyuma kabisa, ambaye hata akipaa hashindi.

Kamati imegawanyika. Wengine wanataka tuweke idadi ya mapigo, kama ilivyo kwenye farasi huko Ulaya. Wengine wanataka fimbo isionekane kabisa. Wapandaji wenyewe wanasema bila fimbo punda hatoki, atasimama katikati ya watu akishangaa. Lipi linalotekelezeka? Kamera hatuna, majaji wa kulipwa hatuna. Tuna filimbi na kamba ya kumalizia, basi.

Mzee wa Ngong
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa farasi, Jumapili nyingi za ujana wangu zimeishia pale Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi Nairobi, na mambo ya nje nayafuata.

Uingereza waliweka idadi mwaka 2011: mapigo 7 kwenye mbio za tambarare, 8 kwenye mbio za kuruka viunzi. Mwaka 2023 wakashusha hadi 6 na 7. Ufaransa wamebana zaidi, wako kwenye 4 tangu Mei 2023. Lakini usizitazame sana namba, tazama adhabu. Zamani joki (mpanda farasi wa mbio) wa Uingereza akizidisha alitozwa faini au alifungiwa siku kadhaa, ila farasi wake alibaki mshindi na mwenye farasi alibaki na fedha. Sasa wewe jiweke kwenye mguu wa joki huyo, kombe liko mbele yake kichwa kwa kichwa na mwenziwe. Atachapa, na kufungiwa atafungiwa baadaye akiwa na kombe lake. Ndipo 2023 wakasema: ukizidisha kwa mapigo 4 au zaidi, farasi anafutwa kwenye matokeo.

Chukueni hilo kwanza kabla ya mengine. Mkimpa mshindi zawadi kisha mkamwonya kwa maneno, sheria yenu imekufa jioni hiyo hiyo.

Bi Shela
Babu, umesema vyema, lakini atahesabu nani? Wale wana watu wanaorudia picha za video mbio zikisha. Sisi punda wanapita mbele ya baraza kwa mkupuo, watoto wanapiga mayowe, na mimi hata kujua punda wa nani yuko mbele siwezi. Idadi ni ugomvi mtupu. Fimbo mkononi kila mtu anaiona, hata mtoto.

Nahodha wa Pate
Mnazungumza kama watu wasiowahi kupanda. Nimepanda tangu mdogo. Hatuna tandiko wala lijamu, tunakaa nyuma karibu na kiuno, na fimbo ndiyo usukani: ukimgusa shingo upande huu anakwenda upande ule. Iondoeni muone punda akiingia ndani ya watazamaji. Huruma kwa punda nzuri, na huruma kwa watoto walio ukutani je?

Daktari wa Mifugo, Kilifi
Nahodha, hoja yako ni ya maana, na ndiyo ile ile wanayoitoa majoki. Imepimwa pia. Utafiti uliochapishwa 2020 ulichukua mbio 126 za Uingereza, ukalinganisha zile za kawaida na zile ambazo joki haruhusiwi kumchapa farasi ili kumhimiza. Haukukuta tofauti katika kuongoza farasi, wala usalama, wala muda wa kumaliza. Ila nisiwafiche: kwenye mbio hizo kiboko bado wanakibeba, kwa ajili ya dharura. Hata Norwei, waliopiga marufuku kuchapa kwa kuhimiza tangu 1982, waliacha nafasi ya usalama.

Kuhusu kumchapa mnyama aliyekwisha choka, kijana wangu, umeona sawasawa. Paul McGreevy na David Evans wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha 2011 kwamba farasi walichapwa zaidi sehemu ya mwisho ya mbio, walipokuwa wamechoka na kasi inashuka, na kuchapwa hakukuonekana kuwaongezea mwendo. Yaani mnyama anaadhibiwa kwa kuchoka.

Hayo ni ya farasi. Punda ana tabia yake, na hapa ndipo watu wa Amu mnapomwonea. Farasi akitishika mbio, punda akitishika husimama kwanza, apime. Anayeitwa mkaidi mara nyingi ni mwoga tu. Ukimchapa pale unamthibitishia kuwa pana hatari, naye anazidi kuganda. Tena maumivu huyaficha, usitegemee atalia au atachechemea ndipo ujue ameumia.

Fanyeni hivi. Mpeni kila mpandaji ruhusa ya hatamu ya kamba yenye mikono miwili, laini, isiyopita mdomoni. Punda azoezwe kugeuka kwa hatamu na kwa sauti siku nyingi kabla, katika njia hiyo hiyo, tena pakiwa na watu. Asiyeweza kugeuzwa bila fimbo hafai kushindana, ndiyo usalama wenyewe huo Nahodha. Watazamaji wawekwe upande mmoja.

Na kabla ya mbio punda wakaguliwe: vidonda, kwato, wenye mimba, wadogo mno. Hapo Amu mna hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo tangu 1987 na hutibu bure. Waendeeni. Mkumbuke pia Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360: kumpiga mnyama kikatili au kumwendesha kupita kiasi ni kosa, na tamasha si kisingizio.

Mpemba wa Maskati
Huku Ghuba ngamia wanakimbia na roboti mgongoni. Mwenye ngamia yumo garini, anakwenda sambamba na uwanja, anabonyeza rimoti na kijiti kinamzungukia ngamia pap pap pap. Watoto waliokuwa wakipandishwa waliondolewa, Qatar na Imarati walilishughulikia mwaka 2005, alhamdulillahi. Fimbo ikabaki. Kwa hiyo ndugu zangu mnaodhani teknolojia itawaokoa, sahauni. Na wapandaji wenu nyie, wana umri gani?

Nahodha wa Pate
Haya, sawa. Basi fimbo ifungwe sifongo. Hata Wazungu wanafanya.

Daktari wa Mifugo, Kilifi
Wanafanya. Australia walilazimisha viboko vya sifongo mwaka 2009. McGreevy na wenzake wakachunguza picha, wakachapisha 2012: asilimia 64 ya mapigo, sehemu isiyo na sifongo nayo iligusa mwili wa farasi. Mkono ukiwa na hasira hauchagui upande. Na sifongo la forodhani atalifunga nani, atalikagua nani?

Kijana wa Langoni
Shukrani nyote. Mpemba, wadogo wapo na nitalipeleka hilo pia, hawapaswi kuachiwa hivi hivi. Rasimu niliyoandika usiku ni hii:

"Hakuna mpandaji atakayebeba fimbo, mjeledi wala ufito. Atakayeonekana nacho tangu kuanza hadi kamba ya mwisho, punda wake anafutwa na zawadi inakwenda kwa anayefuata. Hatamu ya kamba inaruhusiwa. Punda aliyekataliwa na daktari asubuhi hakimbii, awe wa nani."

Hilo la "awe wa nani" linahusu mtu mkubwa mmoja, mtanielewa. Nahodha amekubali kuja kuwafunza vijana hatamu. Amenipigia simu, hapa anajifanya mkali tu.

Mzee wa Ngong
Nzuri. Ongeza kuwa mwenye punda asaini pamoja na mpandaji. Anayepoteza zawadi akiwa mwenye mali, yeye mwenyewe atamshika kijana sikio.

Bi Shela
Na ncha ya hatamu? Nimemwona kijana akimchapa punda kwa kamba ile ile ya kumfungia. Na wale wanaokimbia pembeni na vifito kumsaidia jamaa yao, hao si wapandaji, rasimu yako haiwagusi.

Kijana wa Langoni
Lahaula. Wa pembeni sikuwafikiria kabisa. Naandika: "mpandaji, jamaa yake au mtu yeyote atakayempiga punda kwa kitu chochote, kamba ikiwemo." Kisigino je, Daktari?

Daktari wa Mifugo, Kilifi
Kisigino kitupu, kugusa, ruhusuni. Viatu vya soli ngumu marufuku, na msumari au mwiba mkononi mkague mwanzoni. Nimeshatibu vidonda vya namna hiyo.