Mafundi wa diski Kariakoo: kufomati si kurejesha mafaili, na fedha yangu nitaidai

Wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, lakini naomba usomwe wote, hasa na yeyote ambaye wakati huu ana diski isiyofunguka na anajiandaa kupanda daladala kuipeleka Kariakoo.

Diski yangu ya nje ya terabaiti 2, iliyokuwa na picha na video za harusi, sendofu na misiba ya wateja wangu, iligoma kufunguka baada ya umeme kukatika wakati kompyuta ikiendelea kunakili. Nilipoichomeka tena, taa yake iliwaka, ilizunguka kwa sauti yake ya kawaida, na Windows ikaitambua na kuipa herufi, ila badala ya kuonyesha mafolda ilinitaka niifomati kwanza, yaani niiandae upya kama diski tupu, ndipo niitumie, na kwenye sifa za diski mfumo wa mafaili ulisomeka RAW, yaani haukutambulika. Sikukubali. Niliichomoa nikaipeleka kwenye duka moja lililobandika mlangoni tangazo la kurejesha mafaili ya kila aina, na kwenye fomu ya mapokezi niliandika kwa mkono wangu: "Diski isifomatiwe." Fundi aliyasoma maneno hayo, akagonga muhuri juu yake, nami nikalipa shilingi 150,000.

Nilipoitwa kuichukua niliambiwa, "Bosi, diski imepona." Ilikuwa imepona kweli, kwa maana kwamba ilifunguka. Ilikuwa imepewa jina jipya, na ndani yake mlikuwa na folda moja tu, imejaa filamu za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilipouliza filamu zile zimefuata nini kwenye diski yangu, fundi alinijibu bila kusita kwamba alizinakili ili ahakikishe diski inaandika vizuri. Kuhusu mafaili yangu alisema yalikwisha kufa kabla diski haijafika kwake, na kwamba fedha niliyolipa ni ya kazi iliyokwisha kufanyika, hivyo hairudishwi.

Hayakuwa yamekufa. Ujumbe ule wa Windows hauna maana kwamba diski ni tupu. Una maana kwamba Windows imeshindwa kuelewa mpangilio wake, kwa kawaida kwa sababu imeharibika sekta (kipande kidogo cha diski) ya kuanzia ya patisheni, yaani ya eneo la diski linalohifadhi mafaili, au limeharibika jedwali kuu la mafaili, lile ambalo katika NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, hutunza jina la kila faili, ukubwa wake na mahali vilipo vipande vyake. Ndiyo maana NTFS huweka nakala ya sekta hiyo ya kuanzia mwishoni mwa patisheni, na programu ya TestDisk, iliyoandikwa na Christophe Grenier na inayopatikana bure, inaweza kuitumia nakala hiyo kurekebisha sekta iliyoharibika. Fundi anayetoza watu fedha kwa kazi hii hana udhuru wa kutolijua hilo.

Hata baada ya kuifomati, mlango ulikuwa haujafungwa kabisa. Ufomatiji wa haraka huandika jedwali jipya na kuacha sehemu kubwa ya data za zamani palepale zilipokuwa. Ni sawa na mwalimu kuchana daftari la mahudhurio wakati wanafunzi bado wamekaa darasani. Ufomatiji kamili ni jambo jingine, kwa kuwa kuanzia Windows Vista na kuendelea huandika sifuri kwenye patisheni nzima, na baada ya hapo hakuna programu itakayokurudishia chochote. Wale waliozoea Windows XP, ambako ufomatiji kamili ulikagua tu sekta mbovu bila kufuta data, waache kuwashauri watu kwa uzoefu huo. Kwangu alifanya ule wa haraka, na huo ungeweza kuvumilika. Kilichoniua ni zile filamu, kwa maana kila gigabaiti ya filamu iliyonakiliwa ilikalia nafasi ambayo jedwali jipya liliihesabu kuwa wazi, ilhali palikuwa na harusi ya mtu. Data ikishaandikwa juu yake, imekwenda.

Baadaye nilielekezwa kwa fundi mwingine, kijana wa Sinza asiye na bango wala muhuri, ambaye kabla ya kuigusa diski alinitaka ninunue nyingine yenye ukubwa huohuo au zaidi. Alitumia ddrescue, programu nyingine ya bure, kuchukua nakala ya diski nzima sekta kwa sekta. Programu hiyo husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika kwenye faili la kumbukumbu mahali iliposhindwa, kisha hurudia sehemu ngumu mwishoni, ili diski inayoelekea kufa isichoshwe mapema. Baada ya hapo diski yangu iliwekwa pembeni, na majaribio yote yakafanyika juu ya nakala. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mbahatishaji: ukikosea juu ya nakala unachukua nyingine, ukikosea juu ya diski ya mteja umemaliza.

Kwa kutumia programu ya PhotoRec, ambayo hutafuta mafaili kwa kutambua alama zake za mwanzo bila kutegemea jedwali, tulipata sehemu kubwa ya picha, zikiwa na majina ya herufi f na tarakimu ndefu, zimechanganyika harusi hii na msiba ule. Nitazipanga mwenyewe. Video ndizo zimenivunja moyo. Kamera nyingi huandika faharasa ya video, yaani orodha ya mahali picha na sauti zilipo, mwishoni mwa faili, baada ya picha na sauti zote, na faharasa hiyo ikikaliwa na data nyingine, video haifunguki hata kama sehemu kubwa ya picha zake bado ipo. Zaidi ya hapo, faili lililogawanyika vipande katika maeneo tofauti ya diski ni gumu mno kwa PhotoRec kuliunganisha, na mafaili makubwa ya video hugawanyika mara kwa mara kwenye diski iliyokaribia kujaa. Nina mafaili yenye ukubwa unaoleta matumaini, lakini hayachezi kabisa au yanaganda baada ya sekunde chache. Miongoni mwake kuna hotuba ya baba mzazi wa bibi harusi, ambaye sasa ni marehemu. Nani kati yenu atamwambia binti yake kwamba imefutwa ili kupisha filamu ya Kikorea?

Najua watakuja wa kuniuliza kwa nini sikuwa na nakala ya pili. Nakala ilikuwepo kwenye kompyuta iliyoibwa studio, na kazi iliyokuwa ikiendelea umeme ulipokatika ilikuwa ni kutengeneza nyingine. Lakini hata kama nisingekuwa na nakala katika maisha yangu yote, fundi aliyepokea fedha na kusoma agizo langu hakupata kibali cha kulipuuza.

Wengine wataniambia diski ingefunguliwa au ingewekwa kwenye friji. Naomba ushauri huo usitolewe, hapa wala penginepo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo, kwa hiyo kuifungua diski mezani chini ya feni, jambo ambalo maduka kadhaa niliyopitia yalijitolea kwa bashasha kulifanya, ni kuiharibu. Kuhusu friji, kwa unyevunyevu huu wa Dar es Salaam, diski ikitoka humo itatokwa jasho hadi ndani. Diski ikigonga-gonga, izime mara moja. Kwanza jaribu kebo nyingine na mlango mwingine wa USB, kwa kuwa umeme hafifu nao hufanya diski ndogo igonge au izime yenyewe, na hilo likishindikana, ibaki imezimwa, kwa kuwa hiyo si kazi ya programu tena.

Kuna jambo moja zaidi, nalo si dogo. Nikiwa nasubiri kwenye duka lile niliona kwenye kompyuta yao mafolda yenye majina ya wateja wengine, yakiwa wazi kwa yeyote aliyesimama kaunta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Sidhani kama kuna mtu dukani pale aliyewahi kuifungua.

Nimewaandikia barua wanirudishie shilingi 150,000 pamoja na gharama ya diski niliyonunua kwa ajili ya nakala, na waeleze kwa maandishi ni nani aliyeifomati na kwa agizo la nani. Jibu lao la mdomo ni kwamba nyuma ya fomu kuna maneno yanayosema mteja anawajibika mwenyewe kwa data zake. Maneno hayo yapo, kwa wino hafifu. Muhuri wao juu ya agizo langu nao upo, tena kwa wino mzito. Wasiponijibu kwa maandishi, nitapeleka fomu, risiti na orodha ya filamu zao pamoja na tarehe zilipoandikwa kwenye diski kwa Tume ya Ushindani, na jina la duka nitalitaja huko.

Kwa wenye uzoefu, nina maombi mawili. Kwanza, kama mnamfahamu fundi hapa mjini aliyewahi kujenga upya faharasa ya video kwa kutumia video nyingine nzima iliyorekodiwa na kamera ileile, nitumieni ujumbe wa faragha, kwani kamera ninayo bado. Pili, kama umerudishiwa diski tupu baada ya kulipia urejeshaji, tunza fomu na risiti yako, usinakili chochote kwenye diski hiyo, kisha nitafute.