Yoga katika wiki ya mkimbiaji wa klabu: siku ya mapumziko, jioni ya siku ngumu, au dakika 15 baada ya mbio?

Mkimbiaji_Kinondoni (mwanzisha mada)

Heshima kwenu wanajamvi. Naomba tulinganishe njia tatu za kuingiza yoga katika wiki ya mkimbiaji wa kawaida wa klabu, ambaye halipwi kwa kukimbia, anakaa kwenye kiti cha ofisi kutwa nzima, na analenga nusu marathoni ya Moshi. Wiki ya klabu yetu hapa Dar es Salaam imepangwa hivi: Jumanne alfajiri ni mbio za vipande, kwa kawaida mita 800 mara sita au mita 1,000 mara tano, Alhamisi ni tempo, yaani mbio za kasi ngumu isiyobadilika, ya dakika 25 hadi 30, Jumamosi ni mbio ndefu za kilomita 16 hadi 20, tukianzia Coco Beach na kuvuka Daraja la Tanzanite kabla jua halijawa kali. Jumatano na Jumapili tunakimbia taratibu, Jumatatu na Ijumaa tunapumzika.

Njia ya kwanza ni darasa la saa nzima katika siku hizo mbili za mapumziko. Ya pili ni darasa hilohilo, lakini jioni ya Jumanne na Alhamisi, baada ya mazoezi magumu ya alfajiri. Ya tatu ni kuachana na darasa na kufanya dakika 15 nyumbani kila baada ya mbio. Wenzangu wengi wameichagua ya kwanza kwa sababu ndizo siku zenye nafasi, ila naona wanafika Jumamosi miguu ikiwa mizito. Naomba hoja, si ushabiki.

Kocha_wa_Mtaa

Mkuu, umeuliza vizuri, na hilo uliloliona kwa wenzako ndilo jibu lenyewe. Tangu enzi za Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon aliyeeneza utaratibu wa kufuatanisha siku ngumu na siku nyepesi, msingi haujabadilika: mwili haujijengi wakati wa mazoezi, unajijenga baada yake, na siku ya kupumzika ina kazi yake kama ilivyo siku ya vipande. Mtu anayechukua darasa la saa nzima Jumatatu na Ijumaa ameigeuza wiki ya siku tano za kazi kuwa wiki ya siku saba, huku akijiambia kwamba anapumzika. Ijumaa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inatangulia mbio ndefu.

Kwa hiyo naunga mkono njia ya pili. Weka uzito wote katika siku moja, alfajiri vipande na jioni mkeka, ili Jumatano ibaki nyepesi kwelikweli. Naongeza sharti moja tu, kwamba pawepo saa nane au zaidi kati ya mazoezi hayo mawili, na mtu ale chakula cha maana katikati, si chai na andazi peke yake.

Mwalimu_wa_Mkeka

Nawasalimu kutoka Unguja, ambako nafundisha wageni wa Paje pamoja na wenyeji wachache wanaokimbia ufukweni. Kocha nakuheshimu, lakini mnajadili siku kabla ya kujua ni yoga ipi. Mitindo ya Ashtanga na vinyasa ni mazoezi ya nguvu: mikono inabeba mwili mara nyingi, mapigo ya moyo yanapanda, na mfululizo wa kwanza wa Ashtanga ukifanywa wote unaweza kuchukua saa moja na nusu. Yin ni kinyume chake, unakaa katika mkao mmoja kwa dakika tatu hadi tano bila kutumia nguvu. Kati ya hizo mbili kuna hatha ya kawaida, na kuna mtindo wa Iyengar, unaotumia matofali ya mbao, mikanda na viti ili mtu mwenye viungo vigumu aufikie mkao bila kujilazimisha. Mkimbiaji wa klabu ambaye hawezi kugusa vidole vya miguu nitampeleka kwa Iyengar kabla ya kwingine kote.

Ukiliangalia jambo kwa namna hiyo, hata Jumatatu inaweza kubaki ya mapumziko ikiwa ni nusu saa ya kulala chali miguu ikiwa ukutani na kupumua polepole. Kinachoharibu Jumamosi za wenzako, naamini, ni kwamba Ijumaa wanafanya vinyasa ya kasi. Ama yoga ya chumba chenye joto, inayosifiwa sana mitandaoni, mkazi wa Dar es Salaam mwezi Januari anaipata bure sebuleni kwake umeme ukikatika.

Fizio_wa_Mbio

Nachangia kama mtaalamu wa tiba ya viungo, na nitaomba radhi kwa urefu. Kwanza, tusiipe yoga sifa isiyo yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba kunyoosha misuli, kabla au baada ya mazoezi, hupunguza maumivu ya siku zinazofuata kwa kiwango kidogo mno, kiasi kwamba huenda mtu asione tofauti. Pili, kuunyoosha msuli na kuushikilia hapohapo kwa zaidi ya dakika moja hupunguza nguvu yake kwa muda mfupi unaofuata, na kwa sababu hiyo yoga isitangulie vipande hata kidogo. Kabla ya vipande tumia miondoko yenye mwendo, kama kurusha mguu mbele na nyuma, kupandisha magoti, na kukimbia mita 80 au 100 kwa kasi inayopanda taratibu.

Tatu, na hapa ndipo mwalimu na mimi tunaweza kutofautiana, mkimbiaji hahitaji ulaini wa mcheza sarakasi. Kano ya kisigino huhifadhi nishati mguu unapotua na kuirudisha unapoondoka, na kwa kazi hiyo ugumu wa kiasi ni faida. Anachohitaji ni nyonga inayofunguka kwa nyuma vya kutosha, kifundo cha mguu kinachokunja bila kukwama, na mgongo wa juu unaozunguka. Mtu wa ofisini hupungukiwa hasa na la kwanza na la tatu, kwa hiyo nusu ya mikao ya darasa lolote inamfaa na nusu nyingine haina ubaya wala faida kubwa.

Zipo hali mbili ambazo yoga huzidisha tatizo, na waalimu wengi hawaziulizi mlangoni. Mwenye maumivu pale kano ya kisigino inaposhika mfupa asilazimishe visigino kugusa chini katika mkao wa mbwa anayetazama chini (viganja na nyayo chini, kiuno juu), kwa maana pale kano hubanwa dhidi ya mfupa. Na mwenye maumivu chini kabisa ya kalio, kwenye mfupa tunaoukalia, aepuke kuinama mbele kwa muda mrefu, ingawa huo ndio mnyoosho ambao kila mtu atamshauri aufanye. Wote wawili wanahitaji kujenga nguvu, yaani kupanda na kushuka kwa vidole vya mguu mmoja, kuinua kiuno kutoka sakafuni, na baadaye kubeba uzito. Yoga haichukui nafasi ya kazi hiyo. Nikilazimishwa kuchagua kati ya saa mbili za yoga kwa wiki na nusu saa mbili za mazoezi ya nguvu, nitachagua nguvu bila kusita.

Mbio_za_Bonde

Salamu kutoka Eldoret. Mwanzisha mada, wiki yenu haiko mbali na ya huku. Kikundi cha Eliud Kipchoge kule Kaptagat kimefahamika kwa miaka mingi kwa mpango wa uwanjani Jumanne, mbio ndefu Alhamisi na fatleki, yaani mbio za kupandisha na kushusha kasi, Jumamosi, na kati ya hizo ni mbio za taratibu sana, polepole kiasi cha kuwashangaza wageni. Nao pia hutandika mikeka, hutumia mikanda ya mpira, na hufanya mazoezi ya tumbo, nyonga na usawa wa mwili. Hawaiiti yoga, lakini ukiwatazama utaona mikao mingi unayoijua.

Tofauti iko penye kupumzika. Mwanariadha wa kambini akimaliza asubuhi, anakula na kulala mchana. Wewe unaingia kwenye foleni na kufika ofisini. Ndiyo maana siafikiani na Kocha kuhusu darasa la jioni: likianza saa moja na nusu usiku, ukafika nyumbani saa tatu na nusu, ukala na kuoga, utalala saa tano, na Jumatano saa kumi na moja alfajiri unatakiwa barabarani. Saa moja ya usingizi uliyopoteza ina thamani kuliko saa moja ya mkeka. Kwa mtu mwenye ajira ya kutwa nachagua njia ya tatu.

Mama_Mbio

Namuunga mkono kaka wa Eldoret, nami nina watoto wawili wa shule. Dakika 15 baada ya mbio, mwili ukiwa bado na joto na kabla mtu hajaoga, ndizo pekee ambazo hakuna atakayezidai. Ila njia ya tatu ina udhaifu wake, nao ni kwamba bila mwalimu mtu hufanya mikao anayoiweza na kuikwepa anayoihitaji. Mimi hufuata mpangilio usiobadilika: hatua ndefu ya mbele huku goti la nyuma likiwa chini, dakika moja kila upande, mkao wa njiwa nikiwa chali (kifundo cha mguu mmoja juu ya paja la mwingine), kuzungusha mgongo nikiwa nimelala ubavu, kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa wazi, kisha nikiyafumba, na mwisho mkao wa mtoto (kupiga magoti na kuinama hadi paji la uso liguse chini) huku nikipumua kwa pua. Nikikaza mambo hayo matano, dakika 15 zinakwisha.

Nina swali kwa Mwalimu kwa niaba ya wenzangu wa msikitini na wa kanisani pia: je, darasa lenye nyimbo na maombi ya dini nyingine ni lazima?

Mwalimu_wa_Mkeka

Si lazima, dada. Mwambie mwalimu mapema kwamba unataka mikao na pumzi tu. Wengi wetu hapa Unguja tunafundisha hivyo.

Mkimbiaji_Kinondoni (mwanzisha mada)

Nawashukuru. Naona njia ya kwanza imeondoka, na ushindani umebaki kati ya mbili. Ninachoelekea kufanya ni darasa moja tu, hatha ya Alhamisi jioni inayoanza saa kumi na mbili jirani na ofisi, kwa kuwa Ijumaa sikimbii na usingizi hautaathirika. Mpangilio wa Mama Mbio Jumanne, Jumatano na Jumapili. Na mazoezi ya nguvu ya Fizio Jumanne jioni, nusu saa. Kocha, hilo la Alhamisi halitaigusa Jumamosi? Na je, kilima cha kuelekea Mweka, kwenye njia ya mbio za Moshi, kinabadilisha chochote?

Kocha_wa_Mtaa

Hatha ya Alhamisi haitaigusa Jumamosi, mradi usigeuze mkeka kuwa mashindano. Kuhusu Mweka, kipande cha kupanda kinakuumiza mashavu ya miguu, lakini kinachowamaliza watu wa Dar es Salaam ni kushuka, kwa sababu misuli ya mbele ya paja inafunga breki kwa kila hatua, na barabara zetu za tambarare hazijawahi kuifundisha. Mkeka hauwezi kuifundisha pia. Kila Jumamosi ya pili hamishia mbio ndefu kwenye vilima vya Pugu, na ushuke kwa hatua fupi za haraka badala ya kuburuza visigino. Jumapili inayofuata mbio hizo punguza mkao wa hatua ndefu, kwani paja litakuwa bado limechoka.

Wiki ya Moshi yenyewe acha darasa la Alhamisi, wala usijaribu mkao mpya wowote. Kwa kuwa mbio ni Jumapili, Jumamosi ukishachukua namba lala chali kwa dakika kumi miguu ikiwa ukutani, hasa ikiwa ulisafiri kwa basi.